DVD ya simulizi za babu: kwenye kompyuta safi, kwenye deki inatetemeka na kukwama dakika ya 73

MjukuuWaKwanza

Habari zenu wakuu. Naomba msaada, na mnivumilie kwa urefu, maana hili jambo nimelala nalo na kuamka nalo wiki ya tatu sasa.

Nimemrekodi babu yangu akisimulia maisha yake. Ana miaka 87. Nilikaa naye siku nyingi, nikahariri, nikapunguza, nikabaki na dakika 118 ambazo siwezi kukata tena hata sekunde moja. Babu hana habari na simu wala kompyuta. Ana deki yake ya DVD na rimoti ambayo vitufe vyake anavibonyeza bila kuvitazama. Kwa hiyo msinishauri nimpe flashi au nimtumie kiungo. Lazima iwe diski, na lazima icheze kwenye deki ile ile.

Nilitumia kamera ya video inayorekodi 1080i (mistari 1080 inayopigwa nusu kwa nusu), nusu-picha 50 kwa sekunde, na simu niliyoiweka kwenye stendi pembeni kwa ajili ya sura yake ya karibu. Sauti nzuri ni ya simu, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na mdomo wake. Mradi niliufungua kwa mpangilio uliokuja tayari na programu, ule ulioandikwa DV PAL (wa kanda za video za DV), nikatoa faili ya MPEG-2 (muundo wa video wa DVD): 720x576, fremu 25, kasi ya biti (data inayosomwa kila sekunde) ya kubadilika, wastani kilobiti 3,600 na kilele 9,800. Sauti niliiacha PCM (isiyobanwa) ya stereo, 48 kHz, biti 16. Sikutaka sauti yake ibanwe hata kidogo. Sauti yake ndiyo yote niliyoifuata.

Kwenye kompyuta inacheza vizuri. Kwa babu, haya ndiyo yaliyotokea:

Kila anapoinua mkono, mkono unatetemeka, kama unakwenda mbele na kurudi nyuma kwa wakati mmoja. Akitulia, picha inatulia.

Kwenye kipande kirefu cha simu (dakika 47 bila kukatwa) mwanzoni midomo na sauti vinakwenda pamoja. Kufika mwisho, midomo inatangulia sauti kwa kama sekunde moja na nusu. Hili hata kwenye kompyuta lipo, nikilitafuta.

Na dakika ya 73 picha inaganda, vinatokea vimiraba, kisha deki inasimama kabisa. Babu alifikiri ameharibu deki yake. Alinikabidhi rimoti akaniomba radhi. Ndiyo maana nawaandikia usiku huu.

---

Kisanduku

Pole mkuu. Kwa dakika ya 73 mimi ningeanza na diski yenyewe. Choma tena kwa kasi ndogo, mara 4, tumia diski za kampuni nyingine, na hakikisha umeifunga diski (finalize) mwisho wa kuchoma. Deki za zamani hazipendi diski za kuchoma nyumbani, maana zinaakisi mwanga kidogo kuliko zile za kiwandani.

Kuhusu sauti kuachana na midomo, angalia kama simu ilirekodi 44.1 kHz (sampuli 44,100 za sauti kila sekunde). DVD inataka 48. Nadhani umeshapata jibu hapo.

---

MjukuuWaKwanza

Asante kwa kuja haraka. Nimeshachoma diski tatu, za kampuni mbili tofauti, zote kwa kasi ya mara 4 na zote nimezifunga. Zote zinasimama pale pale, babu akiwa chini ya mti anaeleza safari yake ya kwanza ya kutafuta kazi. Sauti ya simu nimeikagua, ni 48 kHz tangu mwanzo.

---

NusuPicha

Mkuu, shikamoo yetu mfikishie babu. Nimetengeneza diski kwa miaka mingi, na barua yako nimeisoma mara mbili. Una matatizo matatu yasiyohusiana, yamekutana kwenye diski moja. Ukiyatafutia dawa moja utazunguka mwaka mzima.

Naanza na dakika ya 73, kwa kuwa umeshajitibu nusu bila kujua. Diski tatu zinasimama mahali pale pale, basi kosa haliko kwenye diski, liko ndani ya mkondo wa data. Sasa piga hesabu nami. Kiwango cha DVD kinaruhusu picha ifike megabiti 9.8 kwa sekunde, lakini picha, sauti na maandishi kwa pamoja havitakiwi kuzidi 10.08. Wewe umeruhusu picha ifike 9.8, ukaweka na PCM ambayo peke yake inakula 1.536 kila sekunde, iwe babu anasema au amenyamaza. Jumla 11.336. Programu ya kutengeneza diski ilipaswa kukukatalia. Naamini ilikupa onyo ukalifunga.

Na kwa nini dakika ya 73 na si ya 10? Umesema mwenyewe: mti. Babu akikaa mbele ya ukuta, kutoka fremu moja hadi nyingine karibu hakuna kinachobadilika, na MPEG-2 huhifadhi zaidi mabadiliko, kwa hiyo kazi ni ndogo. Upepo ukipiga mti, majani yote yanacheza kwa wakati mmoja, hakuna hata jani moja linalorudi mahali lilipokuwa, na kasi ya biti inaruka hadi kwenye kilele ulichoruhusu. Deki ya babu ikaombwa kusoma kuliko inavyoweza. Kompyuta haikulalamika kwa sababu ilikuwa inasoma faili kutoka kwenye diski kuu (hard disk) yenye nafasi kubwa ya kupumulia.

Kisha tazama PCM ilivyokunyang'anya picha. Diski ya tabaka moja ina baiti bilioni 4.7. Zidisha kwa 8, gawanya kwa sekunde zako 7,080, unapata takribani kilobiti 5,310 kwa sekunde kwa kila kitu. PCM inachukua 1,536 kati ya hizo, ambayo kwa dakika 118 ni kama GB 1.36. Ndiyo maana wastani wa picha yako umeshuka hadi 3,600. Ukiibadilisha sauti iwe AC-3 (sauti iliyobanwa) ya kilobiti 192, picha inapata kama 4,800 na bado inabaki akiba ya asilimia tano. Kilele nakisisitizia 8,000, kisizidi hapo. Kanuni inaruhusu zaidi, deki ya zamani yenye diski ya kuchoma hairuhusu.

Najua neno "kubanwa" limekuuma. Mtu mmoja anayezungumza, akirekodiwa kwa maiki ya simu, kwa AC-3 ya 192 hutasikia tofauti. Jaribu mwenyewe: toa dakika mbili kwa namna zote mbili, mwite mtu azicheze bila kukuambia ipi ni ipi. Usiniamini mimi, amini sikio lako.

Mkono unaotetemeka nitaurudia baadaye, kuna mtu ananiita. Ila nijibu hili kwanza: mradi wako unaonyesha nusu ya juu kwanza au nusu ya chini kwanza?

---

BintiSauti

Niingie kwenye sauti wakati NusuPicha hayupo. Kisanduku, kwa heshima, 44.1 isingeweza kuwa sababu hata bila kukagua. Faili ya 44.1 ikisomwa kama 48 inakwenda kasi kwa karibu asilimia 9. Dakika ya kwanza tu ungeshakuwa umeachana kwa zaidi ya sekunde nne, na babu angekuwa na sauti nyembamba ya kijana. Sekunde moja na nusu katika dakika 47 ni ugonjwa wa polepole, na ugonjwa huo jina lake ni fremu zisizo na kasi ya kudumu.

Simu nyingi hazirekodi fremu 30 kamili kila sekunde. Mwanga ukipungua, simu inaacha fremu ibaki wazi muda mrefu zaidi ili ipate mwanga, na hapo fremu zinapungua. Faili inajua kila fremu ilipigwa saa ngapi, lakini programu nyingi za kuhariri hazisomi muda huo, zinasema "hii ni 30" na kuzipanga fremu kwa umbali sawa. Fremu zikiwa pungufu, picha inamaliza mapema kuliko sauti. Ndivyo ulivyoeleza: midomo inatangulia.

MjukuuWaKwanza, fungua faili ya simu kwa MediaInfo (programu inayoonyesha taarifa za faili), usome pale penye kasi ya fremu. Ikisema ni ya kubadilika, nipe wastani wake.

---

MjukuuWaKwanza

BintiSauti, imesema ni ya kubadilika. Wastani 29.984.

NusuPicha, mradi unasema nusu ya chini kwanza. Sikuchagua mimi, ulikuja hivyo na ule mpangilio. Na ni kweli, kulikuwa na onyo la manjano nikalifunga. Nilidhani linahusu ukubwa wa faili.

---

BintiSauti

29.984 mara sekunde 2,820 ni fremu 84,555. Zingetakiwa 84,600. Zimekosekana 45, na 45 kwa 30 ni sekunde moja na nusu kamili. Hesabu imefunga.

Usijaribu kuinyosha sauti ilingane na picha. Fremu hazikukosekana kwa mpangilio sawa, zilikosekana pale mwanga ulipopungua, kwa hiyo ukinyosha utaponya mwisho na kuharibu katikati. Rudi kwenye faili halisi ya simu, uipitishe kwenye HandBrake (programu ya kubadilisha video), kasi ya fremu weka 30, na uchague kasi ya kudumu badala ya ile ya kubadilika. Ubora weka juu sana, hii ni nakala ya kazi tu. Programu itarudia fremu pale zilipokosekana. Kisha badilisha faili kwenye mradi wako, ila jina libaki lile lile, mikato yako isipotee. Baadhi ya mikato itasogea fremu chache, hiyo ni kazi ya jioni moja.

Na siku nyingine, kabla hujakata hata mara moja, pitisha kila faili ya simu huko kwanza.

---

NusuPicha

Nimerudi. Nusu ya chini kwanza, nilivyodhani.

Kamera yako ya 1080i haipigi fremu 25 nzima. Inapiga nusu 50: nusu yenye mistari ya namba witiri, kisha nusu yenye mistari ya namba shufwa, na kila nusu imepigwa sehemu ya hamsini ya sekunde baada ya mwenzake. Kamera za HD zinaanza na nusu ya juu. Mpangilio wa DV unaanza na nusu ya chini, kwa sababu kanda za DV ziliandikwa hivyo. Programu yako imeipokea picha ya kamera, ikaibandika alama isiyo yake, na TV ya babu imetii alama: inaonyesha wakati wa pili kabla ya wakati wa kwanza. Mkono unakwenda mbele, unarudi nyuma, unakwenda mbele tena, mara 25 kila sekunde. Ukuta hautetemeki kwa sababu ukuta uko mahali pale pale katika nusu zote mbili.

Kwenye kompyuta hukuliona kwa sababu kioo cha kompyuta kinachora nusu zote mbili kwa pamoja. Ungeona vijimistari kama meno ya chanuo pembeni mwa mkono, lakini mpangilio wa nusu usingeuona. Kwa kosa hili kompyuta si shahidi. Shahidi ni deki na TV.

Kubadilisha alama tu hakutoshi, kwa sababu pia umeshusha picha kutoka mistari 1080 hadi 576. Ukiishusha nusu zikiwa bado zimesukana, mistari ya wakati mmoja inachanganyika na ya wakati mwingine, na hapo hakuna alama itakayokuokoa. Njia safi ni kuzitenganisha nusu ziwe fremu 50 nzima, kuzipunguza ukubwa zikiwa nzima, kisha kuzisuka upya. Tengeneza mradi mpya wa 1080i, nusu ya juu kwanza, uhamishie kazi yako humo, utoe faili kubwa ya ProRes au DNxHR (miundo ya video ya kuhariria, yenye ubora wa juu). Halafu iachie ffmpeg, programu ya kubadilisha video inayoendeshwa kwa amri ya maandishi:

`ffmpeg -i babu.mov -target pal-dvd -aspect 16:9 -vf "bwdif=1:0,scale=720:576:in_color_matrix=bt709:out_color_matrix=bt601,interlace=scan=tff" -flags +ilme+ildct -b:v 4800k -maxrate 8000k -b:a 192k babu.mpg`

Kipande cha bwdif ndicho kinachotenganisha, scale kinapunguza, interlace kinasuka. Yale maneno ya bt709 na bt601 ni ya rangi: HD na DVD hazitumii kanuni moja ya rangi, na usipozibadilisha, ngozi ya babu itageuka kidogo isivyo yake. Watu wengi hawalioni hilo. Wewe utaliona, kwa sababu unaujua uso wake. Alama ya 16:9 usiisahau, bila hiyo deki itambana uso uwe mwembamba.

Ukipeleka faili kwenye programu ya kutengeneza diski, tafuta pale panapouliza kama irenderi upya (yaani ibane video yote tena), uizuie. Nyingi hurudia kazi yote kwa mipangilio yao, kimya kimya, na hapo jitihada zako zimekwenda na maji.

---

MjukuuWaKwanza

Nimesoma mara tatu, nimeandika kwenye daftari. Swali moja kabla sijaanza. Nimegawanya diski kwa sura 14, kila kisa sura yake, ili babu aruke kwa rimoti. Kwenye diski ya kwanza, sura nyingi zilikata neno la kwanza. Kisa cha mama yake kinaanza "...lifariki mimi nikiwa mdogo." Hilo moja peke yake lilinitoa machozi, na si kwa sababu nzuri.

---

NusuPicha

Sura haiwezi kuanza popote. Inaanza penye fremu iliyo kamili, isiyotegemea jirani zake, na kwa fremu 25 hizo zinakuja angalau kila baada ya fremu 15, yaani sehemu 6 za kumi za sekunde. Ukiweka alama katikati, programu inaisogeza hadi kwenye fremu kamili inayofuata, na neno linaliwa.

Unaweza kuilazimisha ffmpeg kuweka fremu kamili mahali unapotaka, kwa -force_key_frames na kuorodhesha sekunde ambazo sura zako 14 zinaanzia. Lakini kwa simulizi mimi hupenda njia ya pili: sogeza alama sekunde moja kabla ya neno. Deki ikiruka, msikilizaji anamwona babu akivuta pumzi kwanza, ndipo anasema. Fanya zote mbili ukiweza.

---

Kisanduku

Nimejifunza, asanteni. Naongeza moja tu: usichome diski ya kuandikwa mara moja kila unapojaribu. Tengeneza faili ya ISO (faili moja yenye diski nzima), uichome kwenye DVD-RW (diski inayofutika), uipeleke kwa babu, ukikosea unafuta. Ila hakikisha kwanza deki yake inasoma RW, si zote zinasoma. Na usibandike karatasi juu ya diski. Ikizunguka bila uwiano itaanza kukwama upya, nawe utalaumu kasi ya biti isiyo na hatia.

---

MjukuuWaKwanza

Wakuu, narudi baada ya siku tisa.

Faili ya simu niliipitisha HandBrake kama BintiSauti alivyosema. Mikato 11 ilisogea, nikairudisha mmoja mmoja. Mwisho wa zile dakika 47 midomo na sauti viko pamoja. Nilitazama pale anaposema "basi" na kufunga mdomo, nikarudia fremu kwa fremu.

Jaribio la sauti nililifanya na dada yangu. Alinichezea PCM na AC-3 mara sita bila kunionyesha kioo. Nilipatia tatu, nikakosea tatu.

Amri ya ffmpeg ilifanya kazi usiku kucha kwenye kompyuta yangu kuukuu. Mara ya kwanza nikaipeleka kwenye programu ya kutengeneza diski, ikamaliza baada ya dakika 50. Nikakumbuka maneno ya NusuPicha, nikatafuta, kweli ilikuwa imerenderi upya. Nikazima, ikamaliza kwa dakika nne.

Deki ya babu inasoma RW. Nilimwomba nikae naye tuitazame yote, dakika 118, bila kuruka. Mkono umetulia. Tulipokaribia dakika ya 73 nilishika kiti. Majani yakacheza, upepo ukasikika kwenye maiki, babu wa kwenye TV akaendelea na safari yake, na babu wa pembeni yangu akasahihisha: alisema ile lori haikuwa ya kijani, ilikuwa ya bluu, na alikosea siku ile kwa sababu jua lilikuwa kali. Nimeliandika kwenye daftari.

Sura ya kisa cha mama yake sasa inaanza na pumzi, kisha "Alifariki mimi nikiwa mdogo." Ameirudia mara mbili kwa rimoti, bila kuitazama.

Kesho nachoma nakala saba za ndugu, kwa kasi ya mara 4, diski za kawaida. Ile ProRes nimeiweka kwenye diski kuu mbili, moja iko kwa dada. BintiSauti, lile la lori nikilirekodi kwa simu ile ile, nalipitisha HandBrake kwanza, sivyo?

---

BintiSauti

Ndiyo. Kabla hujakata hata mara moja. Na safari hii washa taa ya pili upande wa simu, fremu zisipungue.